Kutoka Kibarua hadi Tarakilishi: Kazi, Mitambo na Sheria katika Bandari ya Mombasa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa mambo matatu katika Bandari ya Mombasa: kazi ya binadamu, mitambo inayoichukua nafasi yake, na sheria zinazodhamiriwa kuwa mwamuzi baina ya pande hizo mbili. Uchunguzi unaongozwa na historia ya neno moja, kibarua. Inadaiwa kwamba mitambo haikumwondoa kibarua katika mkondo wa shehena, bali ilimhamisha kutoka gatini hadi mwisho wa safari ya bidhaa, mahali ambapo sheria haimfikii kwa urahisi. Mwisho, makala yanaeleza wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili katika suala hili.

1.0 Utangulizi

Mtu anayeshuka kwenye matatu pale Dagoretti Corner, ambapo Barabara ya Naivasha inaachana na Barabara ya Ngong, yuko takribani kilomita 480 kutoka baharini. Hata hivyo bandari imemtangulia kufika. Miongoni mwa vibanda vya biashara katika vitongoji hivi vya magharibi mwa Nairobi yamo makontena ya chuma yaliyokatwa milango na madirisha yakageuzwa maduka. Rangi mpya imepakwa juu ya rangi ya kampuni ya meli, lakini aghalabu herufi nne na tarakimu saba huendelea kuonekana ubavuni. Nguo za mitumba, vigae, magurudumu na vipuri vinavyouzwa kandokando ya barabara vilipita ndani ya masanduku kama hayo.

Lori lililobeba shehena ya duka likisimama, vijana waliokuwa wakisubiri kando ya barabara hulikimbilia. Wawili hupanda juu, wengine huinamisha mabega, na mizigo hushuka mmoja baada ya mwingine. Jioni hulipwa ujira wa siku hiyo, na kesho hawana ahadi yoyote. Kazi yao huitwa kibarua, na wao wenyewe huitwa vibarua.

Swali la makala haya linazaliwa hapo. Kati ya meli iliyotia nanga Kilindini na bega la kijana huyo, kazi ngapi za mikono zimeondolewa katika kipindi cha miaka sabini iliyopita? Ni kwa kanuni gani ziliondolewa? Na kwa nini mkono wa mwisho katika mkondo huo mrefu bado unafanya kazi kwa masharti yale yale ya makuli wa zamani?

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika magazeti, husemwa kwamba bandari imeleta "mitambo ya kisasa". Kauli hii huchanganya mambo matatu ambayo mchunguzi hana budi kuyatenganisha.

Jambo la kwanza ni matumizi ya mashine badala ya misuli. Winchi, kreni na foko ni mifano yake. Mashine huinua mzigo, lakini mtu ndiye anayeiongoza. Jambo la pili ni matumizi ya tarakilishi badala ya daftari na kumbukumbu ya karani. Hapa kinachohamishwa ni habari kuhusu mzigo, si mzigo wenyewe. Jambo la tatu ni mtambo kutenda na kuamua bila dereva wala karani. Hili la tatu ndilo otomatiki kwa maana yake halisi, nasi katika makala haya tutaliita kujiendesha.

Istilahi hii ya mwisho ina kasoro mbili zinazofaa kutajwa. Kwanza, katika lugha ya utawala husemwa pia kwamba shirika fulani "linajiendesha", yaani linajigharimia bila ruzuku, hivyo msikilizaji anaweza kupotoka. Pili, kiambishi -ji- cha kujirejea kinaficha mtenda. Mtambo haujiendeshi kwa hiari yake. Kuna aliyeuagiza, aliyeupangia kazi, na atakayepokea faida yake. Tunapojadili ajira inafaa tuukumbuke mkono huo uliofichwa na sarufi.

3.0 Kibarua: Neno na Kazi

Kwa umbo lake, kibarua ni barua ndogo. Mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kwamba amefanya kazi, akakirudisha wakati wa kulipwa. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu. Siku hizi mtu aliyefutwa kazi, hata akiwa mkurugenzi, husemwa kwamba kibarua chake kimeota nyasi.

Bandari za pwani yetu zilijengwa juu ya mfumo huo. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na katika miaka ya 1920 gati za maji marefu zikajengwa Kilindini ili meli kubwa zifunge ubavuni mwa nchi kavu. Kahawa, pamba, katani na magunia ya kila aina yalipita mabegani mwa watu. Meli hazikuja kwa idadi sawa kila siku, kwa hiyo waajiri walipendelea watu wa kuitwa leo na kuachwa kesho.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba mfumo huo ulimnufaisha mwajiri peke yake. Kuli wa Mombasa aliyekuwa na shamba Kwale au Kilifi aliweza kufanya kazi siku kadhaa, akapata fedha alizozihitaji, kisha akarejea kwao kupalilia. Alikuwa mnyonge kwa kukosa ahadi, lakini alikuwa pia na uhuru wa kukataa. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake kuhusu makuli wa Mombasa kilichotoka mwaka 1987, ameonyesha kwamba uhuru huo ndio uliowatia wasiwasi watawala wa kikoloni. Mtu asiyekuwa na mwajiri wa kudumu ni vigumu kumtisha kwa kumfukuza.

Wasiwasi huo ulithibitishwa na migomo. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, makuli wakiwa miongoni mwao. Januari 1947 mji mzima ulisimama kwa siku kadhaa, takribani watu 15,000 wakishiriki, na kutokana na mgomo huo shirikisho la wafanyakazi Waafrika likapata nguvu chini ya Chege Kibachia. Serikali ilimkamata Agosti mwaka huo na kumpeleka kizuizini Baringo. Mwaka 1955 makuli waligoma tena, na Tom Mboya akashiriki katika kutafuta suluhu. Katika miaka ya 1950 hiyo hiyo watawala na waajiri walikaza mpango wa kuwaandikisha makuli, kuwapunguza wale wa kutwa na hatimaye kuwafanya wengi wao waajiriwa wa kudumu.

Wanafunzi wa fasihi hawana haja ya kukumbushwa riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, ambayo inamfuata kijana Rashidi katika bandari ya Unguja hadi wakati wa mgomo. Mgomo wa makuli wa Unguja ulitukia kweli mwaka 1948, na riwaya hiyo inaonyesha kwamba hali ya Mombasa ilikuwa sehemu ya hali ya pwani nzima.

Funzo la kipindi hiki ni kwamba ajira ya kudumu bandarini haikuletwa na huruma. Ililetwa na mgomo kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili hofu ya serikali kwa watu isioweza kuwahesabu. Aidha, kila daftari la uandikishaji lina mpaka: aliyemo ndani hulindwa, aliye nje hubaki kibarua.

4.0 Kontena

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kuelekea Houston ikiwa na makontena 58. Mmiliki wake, Malcom McLean, alikuwa mfanyabiashara wa malori. Alichokitambua ni kwamba gharama kubwa ya usafiri wa baharini haikuwa safari yenyewe, bali kupakia na kupakua. Bidhaa zikifungwa ndani ya sanduku moja kiwandani, zinaweza kuhamishwa kutoka lori hadi meli na kutoka meli hadi reli bila mtu kuzigusa.

Mabadiliko hayo yaliingia Mombasa polepole. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Halmashauri ya Bandari ya Kenya iliundwa mwaka 1978, na mwaka 1986 ikakabidhiwa pia kazi ya kuhudumia shehena iliyokuwa ikifanywa na kampuni tofauti. Mwaka 1984 bohari ya nchi kavu ya makontena ilifunguliwa Embakasi, Nairobi. Tangu hapo kontena liliweza kupita Mombasa likiwa limefungwa na kufunguliwa Nairobi. Kwa maneno mengine, sehemu ya kazi ya gatini ilihama baharini ikaja bara.

Tazama tofauti yake kwa kazi. Genge la makuli lililokuwa likipakua magunia lilihitaji watu ngamani mwa meli, watu wa winchi, watu wa gatini, makarani wa kuhesabu na serahangi wa kuwaongoza. Kontena la futi 20, lenye uzito unaoweza kuzidi tani 20, huinuliwa mara moja na kreni yenye dereva mmoja, likawekwa juu ya trela katika dakika chache. Katika bandari yetu kreni hizo zingali na madereva, hazijiendeshi. Kwa hiyo kazi nyingi za mabega zilipotea kabla hata ya mtambo wa kujiendesha kufika.

Turejee sasa kwenye herufi nne na tarakimu saba tulizoziona Dagoretti Corner. Herufi tatu za kwanza hutambulisha mwenye kontena, na ya nne huonyesha aina ya chombo. Tarakimu sita ni nambari yake, na ya saba ni ya kuhakiki. Kila herufi hupewa thamani, kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hivyo hadi 512, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Baki ikiwa 10, huandikwa 0. Karani akikosea tarakimu moja, aghalabu hesabu inakataa. Hapa ndipo mtambo ulipoanza kuchukua nafasi ya jicho na dhamiri ya karani. Kabla ya kamera kuweza kulisoma kontena langoni, kontena lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kujisahihisha.

5.0 Tarakilishi

Hatua iliyofuata ilihusu karatasi. Mwaka 2005 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilianza kutumia mfumo wa forodha uitwao Simba, na mwaka 2008 Halmashauri ya Bandari ikazindua mfumo wake wa kuendesha kituo cha makontena, ujulikanao kama KWATOS. Mwaka 2014 ulizinduliwa rasmi mfumo wa dirisha moja unaosimamiwa na shirika la KenTrade, ili mwagizaji awasilishe nyaraka mahali pamoja badala ya kuzunguka ofisi kwa ofisi.

Manufaa ya mifumo hii si madogo. Kituo kipya cha makontena cha Kipevu kilipoanza kazi mwaka 2016 kiliongeza nafasi, na idadi ya makontena, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20, ilizidi milioni 1.6 mwaka 2023 na kuvuka milioni 2 mwaka 2024. Wingi huo hauwezi kuhesabiwa kwa daftari na kalamu. Vilevile, kila hatua ikiandikwa kwenye mfumo, nafasi ya hongo ya kulitafuta faili "lililopotea" hupungua.

Lakini tarakilishi ina tabia ambayo kreni haina. Kreni lazima isimame gatini. Tarakilishi inaweza kuwekwa popote. Kazi ya karani wa forodha, ya wakala wa kutoa mizigo na ya mpangaji wa malori inaweza kufanyiwa Nairobi wakati meli iko Kilindini. Hivyo swali la kazi bandarini limeacha kuwa "ni kazi ngapi?" tu. Limekuwa pia "zipo wapi?"

Mfano wa wazi ulitokea mwaka 2019. Reli mpya ya SGR ilikuwa imeanza kubeba shehena mwaka 2018, na bohari ya Embakasi ikapanuliwa. Agosti 2019 iliamriwa kwamba makontena yanayoelekea Nairobi na bara yasafirishwe kwa reli hiyo. Madereva wa malori, wenye maghala, mawakala na wakazi wa Mombasa waliandamana, na Oktoba amri ikasimamishwa. Septemba 2022 Rais William Ruto, punde baada ya kuapishwa, alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe Mombasa. Katika kisa hiki chote hapakuwa na mtambo wa kujiendesha. Kilichohamisha kazi za watu kilikuwa amri. Ni dhahiri basi kwamba kanuni si mwamuzi anayekaa pembeni. Kanuni yenyewe ni nguvu inayoweza kuleta au kuondoa kazi.

6.0 Sheria

Kontena lilipoenea duniani, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1973 Mkataba Nambari 137 kuhusu kazi ya bandarini. Msingi wake ni kwamba mbinu mpya zinakubalika, lakini makuli waandikishwe, walioandikishwa wapewe kipaumbele cha kazi, ajira ya kudumu ihimizwe, na daftari likipunguzwa hatua zichukuliwe ili madhara kwa wafanyakazi yawe machache. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 1979.

Ndani ya nchi, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, na mfanyakazi haki ya kuunda chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007 ina vifungu viwili vinavyogusa mada yetu moja kwa moja.

Kifungu cha 40 kinahusu kuachishwa kazi kwa sababu nafasi haihitajiki tena. Mwajiri sharti akiarifu chama cha wafanyakazi na afisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na kiwango, azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu katika kuchagua wa kuondoka, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mtambo mpya ukiingia, hiki ndicho kifungu kinachomsimamia aliyeajiriwa.

Kifungu cha 37 kinamhusu kibarua. Kibarua, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi.

Pengo lipo kati ya vifungu hivi viwili. Kibarua anayeitwa na mwajiri tofauti kila siku hatimizi masharti ya kifungu cha 37, na kwa kuwa si mwajiriwa, kifungu cha 40 hakimfikii. Kazi yake inapotoweka hakuna ilani inayoandikwa, wala chama kinachoarifiwa, wala takwimu inayoongezeka. Yeye huona tu kwamba siku hizi lori haliji.

7.0 Mafunzo kutoka Kwingine

Mwaka 1960 makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, chini ya Harry Bridges, walitia saini mkataba uliowaruhusu waajiri kuleta mashine, nao kwa upande wao wakapata dhamana ya ajira kwa waliokwisha kuandikishwa na mfuko wa malipo ya kustaafu. Mkataba huo ulisifiwa kwa kugawana faida ya mashine. Hata hivyo, uliwalinda waliokuwemo daftarini. Kizazi kilichofuata kilikuta nafasi chache.

Mwaka 1993 bandari ya Rotterdam ilifungua kituo ambamo magari yasiyo na dereva yalibeba makontena kati ya gati na uwanja. Oktoba 2024 makuli wa pwani ya mashariki ya Marekani waligoma kwa siku tatu, mishahara na mitambo ya kujiendesha ikiwa kiini cha mgogoro. Karibu nasi, Dar es Salaam, mwaka 2023 kampuni ya DP World ya Dubai ilikabidhiwa sehemu ya bandari baada ya mjadala mkali wa kitaifa. Mifano hii inatufundisha kwamba majadiliano yenye manufaa hufanyika kabla ya mtambo kununuliwa. Ukishafungwa gatini, linalobaki kujadiliwa ni fidia.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mashine ilichukua mzigo, tarakilishi ikachukua daftari, na amri ikahamisha mahali pa kazi. Katika kila hatua aliyeandikishwa alipata angalau mazungumzo, na asiyeandikishwa hakupata hata taarifa. Kontena linalofuatiliwa na mifumo ya tarakilishi kutoka ng'ambo hadi Embakasi huacha kufuatiliwa linapofunguliwa. Kuanzia hapo bidhaa huingia mikononi mwa mtu ambaye hata kile kikaratasi cha babu yake, kilichothibitisha kwamba amefanya kazi, hana.

Makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, uandikishaji uliobuniwa kwa ajili ya makuli wa gatini uwafikie wapakuzi wa mijini, hata ikiwa ni kupitia vyama vyao vya ushirika, ili siku zao za kazi kwa waajiri mbalimbali zihesabike pamoja. Pili, na hili linatuhusu sisi, lugha ya sheria isogezwe kwa mfanyakazi. Sheria ya Ajira ilitungwa kwa Kiingereza. Kifungu chake cha 9 kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeelewa lugha ya mkataba ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Lakini ataelezwa kwa istilahi zipi, ikiwa sisi wenyewe hatujaafikiana juu ya jina la kuachishwa kazi kwa sababu ya mtambo? Katiba katika kifungu cha 7 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo itakuwa na maana kwa kijana wa Dagoretti Corner siku atakapoweza kuisoma haki yake kwa lugha anayoitumia kuitikia lori linaposimama.

Maswali ya Mjadala

1. Tofautisha matumizi ya mashine, matumizi ya tarakilishi na kujiendesha kwa mitambo, ukitoa mfano mmoja wa kila jambo kutoka mahali pa kazi unapopafahamu.

2. "Kibarua alikuwa mnyonge lakini huru." Jadili kauli hii ukirejelea historia ya Mombasa na riwaya ya Kuli.

3. Pendekeza istilahi ya Kiswahili itakayotaja kuachishwa kazi kwa sababu nafasi haihitajiki tena. Eleza kama istilahi yako inamtaja au inamficha mtenda.